Damu Yangu Kwenye Deli la Pweza

Kwa muda mrefu nilisema nyonga yangu inauma kwa sababu ya ngazi. Nilimwambia dada yangu, nikawaambia majirani, nikamwambia hata fundi aliyekuja kutengeneza bomba, ambaye hakuniuliza. Nakaa ghorofa ya juu kabisa katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, na ngazi zake za mbao zimesimama wima kiasi kwamba wageni huzishuka kinyumenyume. Kwa hiyo maelezo yangu yalikubalika upesi. Kila mtu aliyenitembelea alifika mlangoni akihema na kusema, kweli, ngazi hizi zitakuua.

Lakini nilijua. Miaka kadhaa nyuma nilipata saratani ya titi, nikafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, nikapewa dawa zote walizonazo, nywele zikatoka, nywele zikaota. Mtandio ulinifichia mengi. Aliyejua ni dada yangu tu, na madaktari. Wengine niliwaambia nakwenda kusoma kozi. Nina shahada mbili, hivyo hakuna aliyeshangaa kusikia natafuta ya tatu. Mtu aliyepita huko akianza kuumwa nyonga, na maumivu yakamwamsha hata akiwa amelala, hajidanganyi kwamba ni ngazi. Anawadanganya wenzake tu, na hupata nafuu kidogo kila wanapokubali.

Picha zilipopigwa hatimaye, ilionekana saratani ile ile imehamia kwenye mifupa. Nilimwuliza daktari wangu wa Dar kama itapona. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, anasema polepole na hapendi kupamba maneno. Akasema, "Haitaondoka, dada yangu. Tutaishi nayo, na tutajitahidi muishi vizuri, wewe nayo." Saratani yangu ilikuwa ya aina inayokula homoni za mwili. Nikapewa vidonge vya kuinyima chakula hicho. Vikafanya kazi. Nyonga ikatulia, nikarudi kwenye makala zangu na kusahihisha miswada ya watu wanaoandika vibaya kuliko mimi na kuuza zaidi.

Kisha maumivu yakarudi. Picha mpya ikaonyesha doa la nyongani limekua, na jengine dogo limejitokeza kwenye uti wa mgongo. Daktari akanieleza kwamba vidonge vimeanza kushindwa, na ana njia mbili. Ama anibadilishie dawa ya homoni kwa nyengine inayoshambulia kwa namna tofauti, ama tuanze kemo, dawa ile ya dripu. Ili achague, alihitaji kujua kivimbe kimebadilika vipi.

"Kikikaa na dawa muda mrefu kinajifunza," alisema. "Zamani ningelazimika kukutoboa mfupa nichukue kipande. Sasa tunaweza kuanza na damu. Chembe za saratani zikifa humwaga vipande vidogo vya vinasaba vyake kwenye damu. Kuna maabara nje ya nchi wanavitafuta na kuvisoma."

"Na wasipoviona?"

"Wasipoviona haina maana havipo. Ina maana hatukuviona. Hapo tutarudi kwenye mfupa, au tuanze kemo moja kwa moja."

Kemo sikuitaka. Nasema hivi bila ushujaa wowote. Mwili wangu ulikuwa bado unakumbuka harufu ya chumba kile, na mara hii nisingeweza kusema nakwenda kozi, maana dripu ile ingekuwa ya mara kwa mara na mimi nimeshakuwa mtu wa kutembea kwa kushika kuta. Nilitaka damu yangu iseme kitu, chochote, mradi kiwe kitu chenye dawa nyengine.

Kwenda Dar kwa boti kutolewa damu nilikatazwa. Boti za kasi zikikutana na mawimbi ya kusi huwarusha watu juu ya viti, na mifupa yangu haikuwa ya kurushwa. Ndege ilikuwapo, lakini ukionekana uwanja wa ndege utaulizwa unakwenda wapi, kwa nani, kuna nini, umepata msiba? Basi daktari akaleta vichupa maalumu kwenye zahanati moja ya hapa mjini, nitolewe damu hapa, ipelekwe kwake, yeye aisafirishe.

Muuguzi aliyenitoa damu alinieleza vizuri, nisimlaumu bure. "Isiwekwe kwenye friji. Isiwekwe kwenye barafu. Ikae hivi hivi, joto la chumbani, ifike Dar kesho." Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Akasema wana mtu wao wa kupeleka mizigo bandarini. Nikamwuliza ni nani, akanitajia, na nikamjua: ni shemeji wa mwanamke wa mtaani kwetu ambaye habari haimkai mdomoni, kama vile ni ya moto. Nikasema, ahsante, nitaipeleka mwenyewe.

Jirani yangu wa chini alikuwa anasafiri asubuhi ya pili kwenda kwa binti yake. Ni mwanamke mtu mzima, mjane, aliyenijua tangu nahamia, na mimi humwita bi mkubwa. Ilikuwa mwisho wa Shaabani, na mwezi kama huo hakuna anayevuka kwenda Dar mikono mitupu. Nilimkuta uani anafunga mizigo.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Vipi nyonga?"

"Ngazi hizi tu, bi mkubwa."

"Ngazi! Mie nnazipanda tangu naolewa, na nyonga zangu hizi hapa." Akajipiga kofi la nyonga, likalia.

Nikampa mzigo wangu. Boksi la vichupa lilikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza pande zote, yakikataza baridi na barafu. Kwa kuogopa yasisomwe, nililitia ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, nikalizungushia gazeti, nikalifunga kamba. Gazeti lenyewe lilikuwa na makala yangu kuhusu umuhimu wa kusema ukweli katika maisha ya umma. Sikulichagua. Ndilo lililokuwa karibu.

"Nna kimzigo hiki," nikasema. "Kijana wa rafiki yangu atakuja kukipokea bandarini."

"Kina nini?"

Nilikuwa na siku nzima ya kutayarisha jibu la swali hilo na sikutayarisha.

"Sambusa."

"Mbichi?"

"Mbichi."

"Za nyama?"

"Za nyama," nikasema, na hapo nilikuwa nimeukaribia ukweli kidogo.

Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Maskini, na nyonga hiyo umekaa kukunja sambusa. Usiwe na wasi, mwanangu. Zitafika kama ulivyozikunja."

Wanaojua safari hizi watakuwa wameshaona kilichofuata. Bi mkubwa alikuwa na deli, lile boksi la plastiki nene la kuhifadhia barafu, na ndani yake pweza wa kumpelekea mkwewe. Sambusa mbichi zikipata joto hulainika, zikishikana hazifai tena, na yeye si mtu wa kumharibia mwenzake futari. Akaondoa pweza mmoja apate nafasi. Akalilaza bakuli langu katikati, akalizungushia barafu iliyotiwa chumvi, juu na chini. Kabla ya kupanda boti alisimama Malindi, karibu na bandari, akaongeza barafu nyengine.

Kesho yake mchana daktari akapiga simu.

"Dada yangu, hii damu ilikuwa wapi?"

"Kwa nini?"

"Imefika imeganda. Vichupa vina barafu. Na vinanuka samaki."

Akanieleza, kwa ile sauti yake ya polepole, kwamba damu ikiganda kwa baridi chembe zangu za kawaida hupasuka na kumwaga vinasaba vyake vyote. Vinakuwa vingi kupita kiasi, na vile vichache vya kivimbe vinapotea humo ndani. Sampuli ile haifai kupelekwa popote.

"Tutatoa nyengine," alisema. "Lakini nikwambie ukweli. Majibu huchukua muda, na kivimbe hakitungoji. Nakupa mpaka Idi. Idi ikipita hatuna majibu, tunaanza kemo. Siwezi kukaa naangalia."

Dada yangu alikuja siku hiyo hiyo kutoka Fumba, nje ya mji, alikojenga. Nilimsimulia nikitarajia huruma. Alikaa kwenye kiti changu cha kuandikia akanitazama.

"Sambusa," alisema. "Wewe. Huna hata unga ndani ya nyumba."

"Ndilo lililonijia."

"Likujie papai basi! Papai hawatii barafuni. Kitabu je? Una vitabu mpaka chooni, usimwambie kitabu?"

Akaniambia bi mkubwa akirudi nishuke nikamwambie. Nikasema haina haja, sampuli ya pili nitampa yule shemeji wa zahanati. Akasema, "Hutomwambia kwa ajili ya damu. Utamwambia kwa sababu amekubebea."

Bi mkubwa alirudi kabla ya mwezi kuandama, na kabla sijashuka alinipigia kelele kutoka chini. Nikaitika, "Naam!" nikashuka, nikishika ukuta. Alikuwa ameniletea zabibu kutoka Dar, na alikuwa na la kusema.

"Yule kijana wa rafiki yako," alianza, "kaja kupokea sambusa kavaa glavu. Kafungua pale pale, katazama, kaguna. Nikamwambia, wewe, tabia gani hiyo, kuguna chakula cha mtu?"

Nikakaa kwenye kibaraza cha uani. Nikamwambia. Nilijaribu kuanza mbali, tangu upasuaji, lakini aliinua mkono.

"Ngoja. Ndani ya bakuli mlikuwa na nini?"

"Damu, bi mkubwa. Damu yangu."

Nilitarajia atauliza ya nini. Uso wake ulikwenda mahali pengine kabisa.

"Ilivuja?"

"Haikuvuja."

"Una hakika? Maana damu najisi, mwanangu, na pweza tushamla. Sote. Na mkwe wangu kasema hajapata kula pweza mtamu kama yule."

Nikamwapia kwamba vichupa vilikuwa vimezibwa, ndani ya mfuko, ndani ya boksi, ndani ya bakuli. Akafikiri, akapitia kila tabaka kwa vidole, akaridhika. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko chake kilipanda mpaka juu kwangu, nikacheka na mimi, ingawa kucheka kuliniuma mgongo.

Kilipomwisha akafuta macho na kanga. "Ya nini, damu?"

"Saratani. Ilikuwa titi, sasa imeingia mifupani. Wanataka kujua wanipe dawa gani."

"Na mie kila siku nakuuliza nyonga, nawe unanambia ngazi."

"Ndiyo."

"Nani mwengine anajua?"

"Dada yangu."

"Dada yako yuko Fumba. Na mie niliyeko hapa chini yako? Mie si mtu?"

Nimeandika insha nyingi kuhusu upweke wa mjini, na zimesifiwa. Sikuwa na sentensi hata moja ya kumpa yule mwanamke. Nilimwomba radhi. Akasema radhi kashanipa, na damu ya pili ataipeleka yeye. Nikamwambia si lazima, katoka safari jana tu, na kesho ni kufunga. Akasema, "Ya kwanza niliiharibu mie."

"Niliiharibu mimi, bi mkubwa."

"Uliidanganya wewe. Niliigandisha mie. Basi niache niirudishe."

Akaondoka na vichupa vipya siku ya pili ya Ramadhani, safari hii boksi likiwa wazi na maandishi yake mekundu, akalipakata kama mtoto mchanga. Boti haijafika mbali akanipigia simu. Upepo ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Nimekaa nje," alisema. "Ndani kuna kiyoyozi."

"Bi mkubwa, kiyoyozi hakina neno. Nenda ndani, utachoka."

"Wamesema baridi hapana. Nami nimesema baridi hapana."

Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu. Nikauliza ni nani.

"Abiria. Nimewaambia wasinisukume, nimebeba damu ya mgonjwa wa saratani. Wamenipisha wote. Wamenipa na kiti cha kivulini."

"Umewaambia ya nani?"

"Nimewaambia jirani yangu, yule mwandishi. Hakuna aliyekujua. Ikabidi niwaelekeze nyumba."

Hivyo ndivyo mji ulivyopata habari. Nilikuwa nimeilinda siri ile miaka mingi, nikakosa raha kwa ajili yake, na iliondoka kwenye sitaha ya boti kabla ya adhuhuri. Kufikia magharibi ilisharudi Unguja na kupanda ngazi zangu pamoja na bakuli la uji wa ngano, sahani ya tambi, na mwanamke wa mtaa wa pili ambaye sikuwahi kuongea naye, aliyesema "pole" mlangoni, akaacha mkate wa ufuta na kushuka.

Nilichokuwa nikikiogopa kilikuja chote. Nilitazamwa kifuani na watu waliokuwa wakijitahidi kutonitazama kifuani. Niliombewa dua nikiwa nimesimama barabarani na mfuko wa ndimu. Niliambiwa chanzo ni kula usiku, ni kusoma sana, ni kutozaa, ni jicho. Nililetewa habasoda ya kusaga na chupa mbili za majani yaliyochemshwa. Nikamwuliza daktari, akasema nisinywe kitu mpaka ajue dawa ipi ananipa, nikayapanga kabatini nikawashukuru wenyewe. Ilidumu kama wiki. Kisha kukatokea habari ya ndoa moja ya mtaa wa Vuga iliyovunjika karibu na futari, na mimi nikapitwa. Nilijisikia kutupwa kidogo, nakiri.

Kilichobaki ni kusubiri. Damu ilifika salama, daktari alithibitisha, na ikapelekwa nje. Nyonga ilizidi. Kumi la mwisho dada yangu alinichukua kwake Fumba, kwenye nyumba yake ya chini isiyo na kizingiti, akanipa chumba kilicho karibu na choo na amri ya kutofunga. Mchana nililala nikisikia watoto wa jirani wakigombana kuhusu nani kafungua kwa siri. Nilijaribu kuandika insha: mwili wangu kama mswada, msomaji wake yuko ng'ambo, anatafuta kosa moja la chapa kati ya mamilioni ya herufi. Ilikuwa insha nzuri na niliifuta. Mtu anayefananisha ugonjwa wake na kazi yake bado hajauamini ugonjwa.

Nilichokuwa nakifikiri hasa ni kitu kidogo kuliko hicho. Nilifikiri, wakisema hatukuona kitu, nitafanyaje? Maana nilikuwa nimeshaelewa kwamba hata damu iliyohifadhiwa vizuri inaweza kunyamaza. Siku ya kuamkia Idi dada yangu alinikuta nimekunja mitandio yote niliyokuja nayo na kuipanga kwa unene, ile isiyoteleza juu. Alijua ni ya kichwa kisicho na nywele. Akakaa kitandani akanisaidia kuikunja upya.

Idi ilikuja na simu haikulia. Mosi, watu, biriani, watoto. Pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu baada ya alasiri bi mkubwa alikuja Fumba kunitazama, akiwa amevaa nguo mpya na kulalamika kwamba huku hakuna kelele, mtu atajuaje kama wenzake wazima. Tulikuwa tunakunywa chai. Simu yangu ilikuwa mezani, ikalia, na sote watatu tukaisoma namba. Ilikuwa ya daktari.

"Pokea," akasema dada yangu.

"Napokea."

"Hupokei, unaitazama."

Nikapokea.

"Idi mubaraka, dada yangu," alisema daktari. "Majibu yapo mbele yangu. Uko peke yako?"

Nikawatazama wale wawili, waliokwisha kusogeza viti. "Hapana," nikasema. "Sema tu."

"Wameona."

"Wameona nini?"

"Wamekiona kivimbe kwenye damu, na wameona kilivyobadilika. Ni pale mahali kinapopokelea homoni. Pamegeuka, panajiwasha penyewe. Vile vidonge vyako vilikuwa vinakinyima chakula ambacho hakikihitaji tena. Kwa hiyo tunaviacha leo."

"Kwa hiyo ni kemo."

"Kwa hiyo si kemo. Si sasa. Ipo sindano inayopavunja mahali pale penyewe, na mgonjwa mwenye mabadiliko haya ndiye ninayemtafutia sindano hiyo. Siahidi itafanya kazi muda gani. Baada ya miezi michache tutapiga picha tuone. Lakini leo naijua sababu ya kukupa, na kemo tunaiweka kando mpaka tuihitaji."

Dada yangu alikuwa amenishika goti, la upande usiouma.

"Kasemaje?" bi mkubwa akanong'ona, kwa mnong'ono unaosikika barabarani. "Kasemaje, jamani?"

"Si kemo," nikamwambia. "Sindano."

"Alhamdulillahi. Inachomwa wapi?"

Swali lilikuwa la maana, nikalipeleka kwenye simu.

"Makalioni," daktari akasema. "Pande zote mbili, siku hiyo hiyo. Dawa yenyewe nzito, inaingia polepole, na itauma kidogo. Panda ndege Jumatatu uje tuanze."

Nikamwambia nitakuja, na kuhusu pande zote mbili asihangaike, huko nafasi ninayo, achague mwenyewe pa kuanzia.